Kabati la Viatu la Mzee Abidin

Vedat alikuwa amechoka, na si kwa kupiga randa. Tangu asubuhi baba yake, Mzee Abidin, alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya korido, glasi ya chai mkononi, akimsimamia kama fundi mkuu, yeye ambaye maishani hakuwahi kufunga hata parafujo moja.

"Ubao huo umepinda."

"Haujapinda, Baba."

"Basi ni jicho langu limepinda."

Kabati lenyewe la viatu lilikuwa kwa ajili ya huyo huyo mzee, na hapo ndipo Vedat alipozidi kukereka. Mama alifariki mwanzoni mwa kiangazi, Vedat akamtoa baba yake kijijini akamleta mjini Sivas, kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu. Tangu hapo haikupita siku bila mzee kutangaza kwamba atarudi kwake, kwenye nyumba isiyo na wa kumwashia jiko, na kile kifua chake kibovu, na theluji iko njiani. Juzi akajikwaa kwenye rundo la viatu mlangoni, akaanzisha lawama mpya: hata viatu vyake havina mahali katika nyumba hii. Haya, Vedat akanunua mbao za msonobari. Alijiambia kwamba mzee akipata rafu yake, huenda akatulia, angalau baridi ipite.

"Basi la jioni la kwenda kijijini bado lipo?" mzee akauliza.

"Lipo, Baba. Lipo kila siku."

Ilipofika zamu ya vanishi, Vedat akaondoa viatu vyote koridoni visichafuke. Vyake na vya mkewe Nermin alivitupa roshani. Vya mzee, kwa heshima, alivipiga brashi vikang'aa, akavipanga nje ya mlango, vikielekea ngazi. Akarudi kupaka. Akili yake yote ilikuwa kwenye vanishi, maana mzee alishaona tone moja likichuruzika.

Vanishi haijakauka, kengele ikalia. Mzee ndiye aliyekuwa karibu, akafungua. Bi Sabiha wa ghorofa ya chini alisimama pale na sinia la halua, macho mekundu, nyuma yake majirani wengine wenye nyuso za msiba. Akamtazama Mzee Abidin kuanzia kichwani hadi soksi.

"Mzee, kwani wewe hukufa?"

"Nani kasema nimekufa?"

"Viatu vyako. Vimetolewa nje, vimesafishwa."

Vedat akashika kichwa kwa mkono uliojaa vanishi. Nani asiyejua? Mtu akifa, viatu vyake huwekwa nje ya mlango, mhitaji apite avichukue. Hata yeye alijua tangu utotoni. Akachungulia nje. Viatu havikuwapo.

"Kavichukua yule mbeba makaa," Bi Sabiha akasema kwa sauti ndogo. "Kakuombea dua ndefu. Ngoja nimkimbilie."

"Mwache. Vya marehemu havidaiwi." Mzee akamgeukia mwanawe. "Umenizika mapema, Vedat. Si ungesema tu kwamba umenichoka?"

"Nimekuchoka, ndiyo. Tangu asubuhi umenikalia rohoni kwa mbao hizi. Lakini mtu unayetaka aondoke, unamtengenezea kabati?"

Majirani wakaaga wakitazama chini, halua wakaiacha. Mzee akarudi kigodani, akaanza kuila halua ya msiba wake, akasema siagi imepungua. Vedat akarudi kwenye vanishi.

"Vya mama yako sikuvitoa," mzee akasema baadaye.

"Nini?"

"Viatu vyake. Wanawake wa kijijini walinisihi nivitoe mlangoni, mimi nikavificha chini ya kitanda. Viko kule, nyumba imefungwa, hakuna mtu. Ndiyo maana nataka kurudi. Sina jingine kule."

Vedat akakaa sakafuni. Muda wote ule alidhani mzee anamkimbia yeye.

"Kesho nitakwenda kuvileta, Baba."

"Na buti zake za theluji. Zina shingo ndefu." Mzee akaelekeza kijiko kwenye rafu ya chini. "Hapo haziingii. Nilikwambia umepima vibaya."

Hakuwa amemwambia lolote kuhusu vipimo. Vedat akachukua bisibisi, akaanza kuifungua rafu ile, vanishi ikimganda vidoleni.