Kaske ya Papa Musonda

Mama Clotilde hakudanganywa na mume wake hata siku moja. Tuseme ni Jumapili tu, siku ambayo mume haendi kazini. Zile sita nyingine alidanganywa vizuri sana.

Mume huyo, Papa Musonda, alisaga mahindi ya watu kwa mashine, pale Kamalondo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mashine ile ilinguruma mpaka wateja wakaongea kwa vidole. Jioni alirudi nyumbani na ngurumo yake kichwani, akawa mtu wa kuitwa mara tatu. Daktari akamwambia: kilichokufa sikioni hakifufuki, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Clotilde akanunua kaske ya kuziba masikio, ile ya vikombe viwili, siku hiyo hiyo.

Haikuwa huruma tupu. Clotilde alikuwa na habari za majirani, na habari za majirani husemwa chini-chini, mezani, kwa mume. Kabla ya kaske alimnong'oneza kwamba nguo ya ndoa ya jirani yao Lombe ilikuwa ya kuazima.

"Nini?"

"Nguo ya Lombe!"

"Nini?"

Akapaza sauti. Ng'ambo ya ukuta Lombe mwenyewe akajibu: "Ni ya dada yangu, mama! Kula bukari yako!"

Sasa Clotilde angeongea na nani? Basi kila jioni akamngoja mume mlangoni, amuulize kama aliivaa kaske.

Ijumaa hiyo Musonda alifika mweupe mzima kwa unga: nywele, nyusi, kola. Kaske ilimning'inia shingoni.

"Papa Séphora," Clotilde akapaza sauti, akimwita kwa jina la mtoto wao, "leo ulivala kaske?"

"Nilivala tangu asubui. Sikuitosha kichwani hata kidogo."

"Bantu balicheka tena?"

"Balicheka! Eti niko piloti wa ndege. Miye navala tu. Angalia, iko na unga."

"Naona. Inama kidogo, nikupanguse."

Akainama kama mtoto wa katekisimu. Clotilde hakumpangusa. Alitia kidole katika sikio la kulia, akakitoa: cheupe. La kushoto: cheupe vilevile.

"Vikombe viliziba masikio tangu asubui," akasema kwa sauti, neno kwa neno. "Huu unga ulipitia mulango gani?"

Musonda akakitazama kile kidole, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nini?" akasema. "Sisikie."

Ng'ambo ya ukuta sauti ya Lombe ikapanda:

"Anauliza unga ulipitia mulango gani, papa!"