Arusi ya Dorinda

Nikisikia mtu akisema wanawake wa Kibokoni tulipoteza miaka yetu mbele ya tivii, mimi hupandwa na mori. Tulipoteza nini? Aje aniulize mimi, Mejumaa, kwa sababu tivii ilikuwa yangu, na aliyeufasiri ule mchezo kutoka Kizungu mpaka Kiswahili, siku baada ya siku, ni mimi na ulimi wangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kimarekani, ukionyeshwa saa tisa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, kwa hivyo sisi tuliuita Dorinda, jina la msichana aliyekuwa akilia kuliko wote. Trizah, mpangaji wetu wa ghorofani, mkewe Dishon wa reli, alituambia huko Marekani ulianza kabla yeye hajazaliwa na haujaisha. Nikamwambia vizuri, na sisi pia hatuna haraka.

Mji mzima ulimfuata Dorinda, nawaambieni. Mafundi cherehani wa Ndia Kuu walishona mikono ya Dorinda, ile iliyofura mabegani. Kule Feri waliuza vibanio vya nywele vya Dorinda, ambavyo Dorinda mwenyewe sijamwona navyo hata siku moja. Mwenye shughuli yake akitaka wanawake waje, alingoja mchezo uishe. Watoto walipewa jina hilo na mababu zao wakanuna. Hao wanaume wa barazani walijifanya hayawahusu, lakini kila jioni mume wangu Abdulghafur alikuwa akiniuliza kwa sauti ndogo, "Ati yule Viktor katoka jela?"

Na nani aliwaletea yote hayo? Kabla sijaolewa nilifanya kazi ya kuunganisha simu bandarini. Wakala wa meli akitukanana na makuli, mimi nilikaa katikati nikampa kila mmoja maneno anayoweza kuyameza. Kazi hiyo naijua, na sioni haya kujisifu.

Tatizo lilikuwa mama mkwe wangu, Bi Mbeyu. Nyumba ilikuwa yake, kiti cha karibu na tivii kilikuwa chake, na Kizungu hakujua hata neno. Sharti lake alilitamka mbele ya watu wote. "Siku nitakayoona zinaa humu ndani, hiyo tivii inarudi dukani, na kila mtu akakae kwake." Na Bi Mbeyu hakuwa mtu wa kutisha kwa mdomo tu. Wanaume wana baraza, wana kahawa yao ya jioni, wana pa kwenda. Sisi tulikuwa na saa ile moja ya kukutana, kucheka na kutoa ya moyoni. Tivii ikiondoka, saa yetu nayo imeondoka.

Basi siku moja Dorinda akachukua sanduku lake, akahamia kwa Viktor. Hivi hivi, bila harufu ya ndoa. Bakora ya Bi Mbeyu ikagonga sakafu.

"Mejumaa, huyo ni mumewe?"

"Ni mumewe, mama. Nikahi imefungwa jana, pale stima ilipokatika."

Na kweli stima ilikuwa imekatika jana yake. Sebule nzima ikasema mashallah. Mmoja akauliza mahari, nikamwambia ni gari na shamba la farasi. Trizah, ambaye Kizungu anakijua kunishinda, alinitazama. Nami nikamtazama. Akachukua kaimati nyingine akatafuna.

Zaidi ya mwaka Dorinda na Viktor walikaa kwa nikahi yangu, na hakuna aliyenung'unika. Sheikh wao nilikuwa mimi.

Halafu, mwaka wa tisini na nne, mchezo ukafunguka kanisani. Maua kila mahali, Viktor kavaa suti, na Dorinda yuaja polepole na gauni jeupe na shela. Trizah akaziba mdomo kwa leso. Bi Mbeyu hakugonga bakora. Alinigeukia tu.

"Mejumaa. Si ulisema hawa wameshaoana?"

Wote wakanikodolea macho. Tivii yangu nikaiona tayari iko juu ya mkokoteni.

"Wameshaoana, mama. Ile ilikuwa nikahi. Hii sasa ndiyo arusi."

Nani angebisha? Kwetu nikahi hufungwa leo, na arusi ikangoja hata mwaka mpaka watu wajiweze. Bi Mbeyu akafikiri.

"Na mbona alikwenda kwa mume kabla ya arusi?"

"Wazungu hao, mama. Subira wataitoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Mbeyu mwenyewe akatabasamu, akapiga kiti. "Haya, ikiwa ni arusi, mbona mmekaa kama mko matangani? Hebu pigeni vigelegele!"

Eeh! Hapo ndipo mngetuona. Vigelegele vilipasua dari. Mmoja akafukiza udi, mwengine akavua asumini zake akaziweka juu ya tivii, Trizah naye akaimba nyimbo za kwao huku akicheza mabega. Abdulghafur akapiga ukelele kutoka nje barazani, "Kuna nini huko? Nani kaolewa?"

"Dorinda!" tukamjibu.

"Alhamdulillahi," akasema, na wenzake nao wakaitikia. Nilijiona mkubwa siku hiyo, wallahi. Wamarekani waliitengeneza ile arusi, lakini aliyewaleta wageni ni mimi.

Padri akamuuliza Dorinda swali lake. Dorinda akanyamaza. Nasi tukamngoja. Akafunua shela akasema, na Trizah akaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Kasema nini?" wakaniuliza wote. "Mejumaa, kasema nini?"

Uongo nilikuwa nao, tena wa kuchagua. Ningesema anaona kizunguzungu, au anaomba maji. Nikisema kweli, nikahi yangu imevunjika mbele ya watu, kwani mtu aliyeolewa zamani haulizwi leo kama anataka. Lakini nilimtazama yule msichana anavyotetemeka na bado anasema, nikaona haya kumpokonya maneno yake.

"Anasema hamtaki Viktor," nikawaambia. "Anasema siku zote wamemsemea wengine. Leo anasema mwenyewe."

Dorinda akatoka kanisani mbio. Hapakuwa na nikahi wala arusi, na kila mtu sebuleni alilifahamu hilo. Bi Mbeyu akainuka, akajikongoja hadi kwenye tivii, akashika kile kifungo. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Akakizungusha, na sauti ikapanda.

"Mimi pia niliulizwa," akasema, bado ametupa mgongo. "Sheikh alikuja mpaka mlangoni akaniuliza, akarudia tena. Nilinyamaza. Wakasema mwari akinyamaza ameridhia." Akavuta pumzi. "Sikuwa nimeridhia."

 Mume anayemsema ni baba yake Abdulghafur, marehemu, ambaye Bi Mbeyu alimpikia, akamzalia, akamuuguza mpaka akamzika kwa heshima zote, na sisi wote tukamsifu kwa hayo. Miaka yote niliyokaa naye nilidhani ni mwanamke mkali tu. Machozi yalinitoka. Nikasema, "Mama."

Kwenye tivii Viktor alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa akimwita Dorinda kwa sauti tamu. Dorinda yuko barabarani na gauni lake limechafuka, mguu mmoja mbele, shingo imeanza kugeuka.

"Mejumaa," Bi Mbeyu akasema, "mwambie asirudi."

"Hasikii, mama."

"Kizungu unakijua wewe. Mwambie."

Nikasimama mbele ya wanawake wote, nikamwambia Dorinda kwa Kizungu, kwa sauti yangu yote, aende zake.