Mpira Ndani ya Kasha la Miwani

Shemeji ndiye aliyesema nichukuliwe. Mdogo wangu alikuwa amenichoka, na simlaumu. Mtu anayerudi kila baada ya miaka minne na begi moja na kikohozi hapendezi sebuleni. Lakini mkewe akamwambia boti ina nafasi, mzee anajua vyombo, na tukimwacha hapa peke yake atatuunguzia sufuria zote. Basi nikapanda.

Ilikuwa safari ya kujaribu. Mdogo wangu alitaka wapangishe nyumba wahamie kwenye boti yao ya matanga, na shemeji alimwahidi kwamba siku tatu za baharini zitampa jibu. Hilo tulilijua wote watatu.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya sinki, nasafisha chujio la pampu ya maji matamu. Ni kikombe cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kimewekwa kabla ya pampu ili takataka za tangini zisiingie ndani. Kati ya kikombe na kifuniko kuna mpira wa duara, mwembamba kama pete. Mimi vitu vidogo navitia kwenye kasha la miwani. Ni mazoea ya miaka arobaini: mfuko hutoboka, meza ya botini huinama, lakini kasha halijawahi kunipotezea kitu. Miwani yenyewe sikuivaa, kazi ile naifanya kwa kupapasa. Nikatia mpira kashani. Hapo mdogo wangu akaniita nifungue kamba za gatini, upepo umekaa vizuri. Nikazungusha kifuniko kwa mkono, nikapanda juu.

Jioni shemeji akaosha nywele. Alitoka na taulo kichwani, akasema kumbe hata baharini mtu anaweza kuishi kama binadamu. Mdogo wangu akanikonyeza. Nilijua nyumba imeshapata mpangaji.

Kesho yake asubuhi bomba likatema hewa, likakohoa, likanyamaza. Chini ya sinki pampu ikawa inaunguruma bila kukoma mpaka mdogo wangu alipozima swichi. Akaenda kugonga tangi chini ya kitanda chao. Tupu. Lita mia na ishirini hazipo, na sakafu kavu. Hakutafuta mbali. Alimuuliza mkewe kama jana alifunga bomba la bafuni. Akasema alifunga. Akamuuliza tena, kwa ule upole unaouma kuliko makelele, akimweleza kwamba likiachwa wazi kidogo tu, pampu inaguna chini chini na mawimbi yanaifunika. Shemeji akasema anadhani alifunga.

"Anadhani," mdogo wangu akaniambia mimi, kama vile mwenyewe hayupo. Kisha akatania kwamba huyu ukimpa ziwa na shampuu, samaki watahama. Nikacheka. Ndicho kitu cha kwanza ninachojutia.

Nikashuka kutazama pampu. Fyuzi nzima, betri imejaa, nyaya ziko sawa. Nikafuata bomba la plastiki kwa vidole kutoka tangini hadi kwenye chujio, nikakuta kifuniko kimelowa. Nikafungua kasha nivae miwani nione vizuri. Mpira ulikuwa pale, juu ya kioo cha kulia, umetulia kama aliyelipiwa chumba.

Tangi liko juu, chujio liko chini. Kifuniko bila mpira kilikuwa kikivuja mchana kutwa na usiku kucha, maji yakishukia kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa ya chombo, na mle kuna pampu nyingine inayojiwasha yenyewe na kutupa kila kitu nje. Maji yetu ya kunywa tuliyamwaga baharini wenyewe bila kuona hata tone.

Nikarudisha mpira, nikakaza. Mdogo wangu akauliza kutoka juu nimeona nini.

"Hewa tu," nikasema. "Tangi lilikauka, pampu ikanyonya hewa."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana ulitoka kirahisi.

Tulikuwa na dumu moja la akiba, nalo nusu. Mdogo wangu akawa anapima kwa kikombe. Shemeji akaosha vyombo kwa maji ya chumvi mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, bila kulalamika, na mara mbili nilimwona akienda bafuni kukaza bomba ambalo halikuwa na kitu ndani. Nilijiambia nitasema baada ya chakula. Kisha nikasema kesho. Nimezunguka bandari nyingi, nikatoroka madeni na wanawake na kazi, lakini kwenye boti ya futi thelathini na nne hakuna pa kutorokea.

Siku ya tatu nilitaka kumeza vidonge vyangu vya presha na kikombe changu kilikuwa kimeisha. Shemeji akanimiminia chake.

"Kunywa, shemeji. Mimi ndiye niliyeyamwaga."

Nikanywa.

Tulifunga kamba alasiri, kwenye bandari ya mbali na nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anajaza tangi kwa bomba la gatini shemeji alipotoka na mkoba, akamwambia atarudi kwa basi na nyumba isipangishwe. Leo ni maji, kesho atasahau gesi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma cheti cha daktari.

Nikatoa kasha mfukoni.

"Bomba ulilifunga," nikasema. Nikawaeleza mpira ulikaa wapi.

Mdogo wangu alianza kucheka, akatazama uso wa mkewe, akaacha.

"Umejua lini?" shemeji akaniuliza.

"Jana asubuhi."

Akakaa kwenye ngazi. "Nilikuwa nimeshakumbuka," akasema. "Niliuona mkono wangu ukiliacha wazi. Niliuona kabisa."

Baadaye akaniamuru nimwonyeshe. Akalala kifudifudi pale nilipolala mimi, akafungua kifuniko, akaupapasa mpira pande zote, akaurudisha, akakaza. Akafungua bomba mpaka hewa ikaisha na maji yakaja safi, akalifunga, akatega sikio. Pampu ikanyamaza.

"Nitarudi na boti," akamwambia mumewe. "Ya nyumba tutaongea njiani, na utaniomba msamaha kwanza." Kisha akanigeukia. "Wewe panda basi, shemeji."

Mdogo wangu hakunitetea. Begi langu halikuwa zito. Nilipofika gatini shemeji akanifuata, akanipa chupa ya maji ya kumezea vidonge, ameijaza mpaka shingoni. Nimeshuka basi na chupa haijafunguliwa.