Ujumbe wa Bi Verna

Mjini Duluth hakuna aliyeijua simu kumshinda Bi Verna. Basi, tuseme hakuna mzee wa miaka themanini na moja, wa ghorofa ya pili ya jengo lao.

Ukumbini chini ya kanisa watu walikunywa kahawa baada ya kumzika mumewe, aliyekufa Alhamisi akimwita mwanawe, Lyle.

"Mama na simu jamani!" Lyle aliwaambia. "Ujumbe wake haukunifikia. Angebonyeza vizuri, ningemkuta Baba hai."

Majirani wakamtazama Bi Verna kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyima marehemu kwaheri.

Akafungua simu, akampa Lyle.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu ya kizee."

Lyle akausoma ujumbe kimoyomoyo.

"Kwa sauti."

"'Njoo, baba yako anakuita.'"

"Na hapo chini?"

"'Umesomwa Jumanne, saa nne asubuhi.'"