Miguu ya Philemoni

Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa, Philemoni wa Nkoaranga alinunua kahawa, akanunua pikapu, kisha akaota kitambi. Ilibaki kidogo aende hata chooni kwa gari. Mkewe, Evaresta, alikilea kitambi kile kwa mtori wa ndizi na nyama, na Jumapili alikipeleka kanisani kwa maringo kana kwamba kakizaa yeye.

Sukari ilipompanda, daktari hakuwabembeleza. "Insulini unayo, mzee, tena nyingi. Inabisha hodi kwenye misuli, lakini kwa unene huu misuli haisikii, sukari inabaki kwenye damu. Ukitembea, misuli yenyewe inaifungulia sukari mlango, hata bila kubishiwa hodi. Ukikaa siku chache tu, inafunga tena."

Evaresta ndiye aliyemtoa kitandani kila alfajiri. Alimswaga migombani, akimpandisha na kumteremsha mlima, huku akimwita gunia. Philemoni alilia, akatapika, akaendelea. Sukari ikashuka, suruali zikampwaya. Uanaume wake, ambao ugonjwa ulikuwa umeulaza, nao ukaamka, lakini akaupeleka Usa River kwa Sinyati, mwenye baa. Tena kwa miguu! Evaresta aliumia.

Alitaka kitu kimoja tu: mumewe akae nyumbani. Hakutaka afe. Lakini alikuwepo daktari aliposema, na alijua vizuri kukaa kunafanya nini.

"Baba Lucky," alimwambia akimmiminia chai, "watu wanauliza kama umeukwaa ule ugonjwa wa siku hizi. Umekonda mno. Wanaogopa hata kukupa mkono."

"Nani kasema?"

"Wote."

Uongo mtupu, hakuna aliyekuwa ameuliza. Basi ili uongo upate miguu, Evaresta aliwaendea wanakwaya wawili, akawaomba wamwombee mumewe kwa siri. Ukitaka habari ifike Usa River kabla ya jua kuzama, mpe mwanakwaya aiombee kwa siri.

Sinyati akamfungia mlango. Philemoni, kwa aibu, akarudi kwenye pikapu na nyama choma, anenepe watu wamwone. Akanenepa kweli. Evaresta alimpakulia, akamwongezea, akamwongezea tena. Kidonda kikaanza kidoleni, na mwaka haukuisha kabla mguu haujakatwa juu ya goti.

Siku aliyorudi kutoka hospitali, Evaresta alipika mtori sufuria nzima kwa ajili ya watakaokuja kutoa pole. Walikuja wanakwaya wale wawili tu. Walisimama uani, wakaomba hapohapo, chai hawakuigusa. Mmoja akamwuliza kwa huruma kama na yeye ameshapima.

Evaresta alitamani kupiga kelele kwamba ni sukari, ni sukari tu! Lakini angesema hivyo, angeulizwa yale maneno ya kwanza aliyatoa wapi. Akainamisha kichwa, akawasindikiza hadi kwenye uzio wa majani, akarudi ndani.

"Hawaingii?" Philemoni aliuliza kutoka kitandani.

"Hawaingii."

"Basi tumebaki mimi na wewe, Mama Lucky." Alimshika mkono, macho yamemjaa machozi ya shukrani. "Wote wamenikimbia. Wewe tu ndiye hukunitoka."

Kisha akamnyooshea bakuli, na Evaresta akalijaza.