Mshipa Chini ya Mkia

Darasa zima lilimwita Mama Mapacha. Wenzake wengi chuoni walikuwa rika la wanawe. Mwezi uliopita alimzika mumewe, na tangu hapo mwili ulikuwa kama wa kuazima: juzi aliinua sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akaona malengelenge kabla ya kusikia maumivu.

Leo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho wa mifugo: kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono. Anayefaulu anapelekwa kazini, shamba la ng'ombe wa maziwa. Anayefeli anarudia mwaka, naye hakuwa na mwaka wa kurudia.

Ng'ombe alibanwa katikati ya mbao. Jiji, kijana wa ghorofani aliyefika chuoni akiogopa hata kuku, alichomoa mkono nyuma ya ng'ombe akicheka.

"Mimba ya miezi saba, Daktari! Ndama huyo, kichwa kama tikiti!"

Waliomtangulia walisema hivyo hivyo.

"Mama, usijichoshe," Jiji alimnong'oneza. "Sema saba uende zako."

Mama Mapacha alivaa glavu ndefu, akaipaka sabuni, akaingiza mkono hadi begani. Aliupata ukwato, akaubana. Ndama hai huvuta mguu. Huyu hakuvuta. Akautafuta mshipa mkubwa unaolisha mji wa mimba, ule unaotakiwa kuvuma kama nyuki mtungini. Kimya.

Kimya cha nani? Cha ng'ombe, au cha vidole vyake?

"Mama, umelala humo?" Daktari, mwalimu wao, aliuliza. Wakacheka.

Alichomoa mkono, akavua glavu, akaweka vidole vile vile chini ya mkia, pale mapigo ya ng'ombe yanapopimwa. Du. Du. Du. Basi vidole vilikuwa vizima.

"Miezi saba," alisema. "Lakini ndama amekufa."

"We mama! Acha uchuro!" Jiji aliruka.

Daktari naye aliingiza mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, uso ukimshuka.

"Juma lililopita alikuwa anarusha mateke," alisema. "Mwiteni mtu wa zizi. Tumtoe leo, asije akaondoka na mama yake." Kisha akamgeukia Mama Mapacha. "Umefaulu. Jumatatu ripoti shambani."

"Ahsante, Daktari."

Nje, Jiji alimmiminia maji kwa kopo.

"Mama, umewashinda wote, hata hutabasamu?"

"Nitatabasamu. Mimina."

Alisugua mkono mpaka kwapani. Maji yalikuwa ya baridi sana. Alijua hivyo kwa sababu yalimrukia Jiji, naye akapiga kelele.