Masizi ya Uchaga

Kosa ni langu, na nalisema mapema. Januari nilimpigia simu shangazi Ernesta kutoka maabara ya chuo, napiga kelele kama mwendawazimu: gome la mti alilonipa limeua seli za saratani ya mapafu kwenye kisahani! Yeye ana saratani hiyo hiyo kifuani. Akaacha hospitali, akawa anachemsha gome lake asubuhi na jioni.

Gome la pili nililibandua mwenyewe, mti ule ule, nikalikausha chuoni. Halikuua kitu. Nikarudia mara nne.

Nikapanda Vudee, kijijini kwake milimani, nikiwa na hasira na nafsi yangu. Nilimkuta jikoni, anakohoa mbele ya mafiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Raheli. Umekonda. Chuoni hawapiki?"

Nilikuwa natazama uchaga juu ya moto, anakokausha mahindi, kuni na magome yake. Mbao zilikuwa nyeusi tii. Niligusa gome moja, kidole kikatoka cheusi. Nikakwangua masizi, nikayafunga kwenye karatasi, nikateremka nayo chuoni kesho yake.

Masizi peke yake, bila gome, yaliua seli zote: za saratani, na zile nzima pia.

Wiki ya pili nilikuwa jikoni mle tena.

"Shangazi, siyo gome; nimerudia mara nne. Januari nilipima moshi wa jiko lako tu."

Aliinua macho kwenye uchaga.

"Moshi ninaovuta miaka arobaini?"

"Huo huo. Nisamehe. Kliniki ni kesho, Moshi mjini, na dereva Sifael yuko nje na Noah yake. Sitoki humu bila wewe, hata nikilala kwenye mafiga."

Nilitegemea matusi. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, nami nikamshika mabega huku nalia waziwazi. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitenge cha kanisani, kadi ya hospitali na panga.

"Sifael asubiri. Kuna mti mwingine kule kijitoni, sijamwonyesha mtu. Tutabandua gome upande mmoja tu, mti usife. Utalikausha huko kwako. Na usinipigie simu mpaka urudie hizo mara nne."

"Sawa, shangazi."

Kabla ya kufunga mlango alichukua ndoo ya maji ya kunywa, akaimwaga yote kwenye moto.